Dawa ya kansa inayowashwa na mwangaza: mambo ambayo familia inapaswa kujua



Katika familia nyingi za kwetu kuna mtu aliye mbali: binti aliyeolewa Ubelgiji, mjomba aliye Canada, ndugu aliyepata makao Marekani. Mmoja wao akishikwa na kansa, sisi tulio hapa tunapigiwa simu, na maneno ya mama yana uzito hata yakitoka mbali. Juma hili tuzungumze juu ya dawa moja ambayo shauri baya la nyumbani linaweza kumuunguza mgonjwa, hata kama shauri hilo limetolewa kwa upendo. Dawa hiyo ni porfimeri ya sodiamu. Waganga wengi wanaiita kwa jina lake la biashara, Photofrin.

Inafanya kazi namna gani?

Fikirini makala ndani ya mbabula. Makala peke yake hayachomi kitu, mpaka uyawashe. Dawa hii nayo iko hivyo. Mgonjwa anachomwa sindano ya mshipa, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, na dawa inaenea mwilini mwote. Siku zinazofuata inatoka katika sehemu nyingi, lakini inabaki ndani ya uvimbe wa kansa. Baada ya saa 40 mpaka 50, muganga anaingiza mpira mwembamba kupitia kinywa au pua, na ndani yake uzi unaopitisha mwangaza mwekundu wa leza. Mwangaza huo hauchomi kama moto. Unaiamsha dawa, dawa inaigeuza oksijeni iliyo pale kuwa sumu, na sumu hiyo inaua chembe za kansa na kuziba mishipa midogo ya damu inayozilisha.

Matibabu haya si ya kila kansa. Yanatumiwa hasa kwa kansa ya mrija wa chakula inayomzuia mtu kumeza, na kwa kansa fulani za mirija ya mapafu, kwa sababu mwangaza hauingii mbali ndani ya nyama. Canada iliikubali dawa hii mwaka 1993, na Marekani mwaka 1995, baada ya kazi ya miaka mingi ya Thomas Dougherty na wenzake katika mji wa Buffalo.

Hatari iko wapi?

Uvimbe si mahali pekee ambapo dawa inabaki. Inabaki pia katika ngozi, na ngozi iko inje, mbele ya jua. Leza ya muganga ina kipimo na inaelekezwa mahali pamoja tu. Jua halina kipimo wala halichagui. Mgonjwa akitoka mchana bila kujifunika, dawa iliyo katika ngozi yake inawaka kama ile iliyo katika uvimbe. Ngozi inauma kama imeungua, inavimba, na inaweza kutoa malengelenge. Kwa mtu mweusi wekundu hauonekani vizuri, basi tuangalie joto la ngozi, uvimbe, mwasho na maumivu.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1912 muganga mmoja wa Ujerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijichoma mwenyewe sindano ya dawa ya ukoo huohuo ili aone itafanya nini. Alipotoka juani, uso na mikono yake vilivimba vibaya sana, na mwili wake uliendelea kuogopa jua kwa zaidi ya miezi miwili.

Siku 30 za kujilinda

Kila mtu aliyechomwa dawa hii, awe mweupe au mweusi, lazima ajilinde kwa siku 30 au zaidi. Wengine wanafika siku 90 na kuendelea, hasa wale ambao ini au figo zao hazifanyi kazi vizuri. Siku hizo zinahesabiwa tangu siku ya sindano, si tangu siku ya leza.

Maandalizi yafanywe kabla ya sindano. Mgonjwa aende hopitali akiwa na nguo zake za kujifunika, kwa sababu hata njia ya kurudi nyumbani ina jua. Haya ndiyo ya kushika:

1. Avae mikono mirefu, nguo ndefu au suruali, soksi, viatu vilivyofunika mguu, glavu, na kofia pana. Nguo iwe nzito, isiyopitisha mwangaza. Kikwembe chepesi ukikiinua juu na kuona mwangaza upande wa pili, hakitoshi.

2. Avae miwani myeusi sana, ile ambayo hopitali imeikubali. Macho nayo yanauma mbele ya mwangaza mkali. Miwani ya urembo ya sokoni haitoshi.

3. Safari zisizo za lazima zifanywe baada ya jua kutua. Siku ya mawingu bado ni mchana, na mwangaza wa jua unapita katika kioo cha dirisha na cha gari.

4. Asitegemee mafuta ya kuzuia jua. Mafuta hayo yanazuia miali ile isiyoonekana, lakini dawa hii inaamshwa na mwangaza wenyewe tunaouona.

5. Ndani ya nyumba asikae karibu na taa kali isiyofunikwa. Akienda kwa muganga wa meno au kupimwa mahali pengine, aseme kwanza kwamba alichomwa dawa hii, kwa sababu taa zao ni kali. Kofia ya kukaushia nywele ya saluni nayo aikwepe.

Asifungiwe gizani

Hapa ndipo upendo wetu unaweza kukosea. Mama akisikia kwamba mwangaza ni hatari, atafunga kila pazia, azime kila taa, amweke mgonjwa gizani mwezi mzima. Hilo halisaidii. Mwangaza mpole wa ndani, kama taa ya kawaida ya sebuleni, unaimaliza dawa iliyo katika ngozi polepole. Tunajua kikwembe kinavyochujuka rangi kidogo kidogo. Dawa nayo inachujuka hivyo. Mgonjwa aliyefichwa gizani anabaki na dawa nyingi katika ngozi, na siku atakapotoka ataungua akidhani muda umekwisha. Basi akae ndani, penye mwangaza wa kadiri, mbali na jua na mbali na taa kali. Aongee na watu, apike kama ana nguvu, asome.

Baada ya siku 30 asitoke kwa ghafula. Kwanza afanye jaribio: aweke sehemu ndogo ya mwili juani kwa dakika 10. Isiwe uso, kwa sababu ngozi iliyo karibu na macho inaweza kuwa nyepesi kuumia. Angoje saa 24. Ikiwa hakuna wekundu, uvimbe wala malengelenge, aanze kutoka kidogo kidogo. Ikiwa kuna hata kimoja, aendelee kujilinda majuma mawili mengine, kisha ajaribu tena.

Madhara mengine

Baada ya leza, mahali palipotibiwa panavimba. Kwa kansa ya mrija wa chakula, mgonjwa anaweza kuumwa kifua, kupata homa, kichefuchefu, na kumeza kwa shida kuliko mbele. Hilo linawaogopesha jamaa, lakini kwa siku chache linatazamiwa. Uji na vyakula laini vitamsaidia. Baadaye mrija unaweza kupata kovu na kuwa mwembamba, ndiyo maana lazima arudi kuonwa. Kwa mapafu, uvimbe unaweza kuziba pumzi, na waganga wanarudi kusafisha nyama iliyokufa.

Asingoje kesho akitapika au kukohoa damu, akikosa pumzi, akishindwa kumeza hata mate, au ngozi ikitoa malengelenge. Aondoke kwenye mwangaza na awaite waliomtibu saa ileile.

Wako pia watu ambao hawafai kupewa dawa hii: mwenye ugonjwa wa porfiria, mwenye tundu kati ya mrija wa chakula na mrija wa pumzi, au ambaye kansa yake imekula mshipa mkubwa wa damu. Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha aseme mapema, kabla ya sindano.

Tuangalie pia dawa tunazozijua sisi. Doksisiklini, Bactrim na siprofloksasini zinanunuliwa katika farmasi zetu kama karanga, lakini zenyewe zinaifanya ngozi iogope jua. Zikikutana na porfimeri, hatari inaongezeka. Baadhi ya dawa za tensio na za sukari ni hivyohivyo. Mgonjwa asiache dawa zake kwa nafsi yake. Aonyeshe muganga zote anazomeza, pamoja na zile tulizomtumia kutoka huku.

Sisi tuna kazi gani?

Kwanza, tusimlazimishe kusafiri. Akifiwa huku kwetu na siku zake hazijakwisha, tusimwambie kwamba amesahau ukoo wake. Matanga yetu yanafanywa inje, mchana, chini ya jua la karibu na ikweta. Atalia kule alipo, na kaburi ataliona baadaye. Kama amekuja kwa lazima, apokelewe usiku, awekwe mahali penye kivuli, na mtu mmoja wa familia ajue hesabu ya siku zake.

Pili, tulinde jina lake. Mama anayevaa glavu na kofia pana mwezi wa joto, asiyetoka mchana, anayekwenda kusalimia watu usiku tu: tunajua maneno yatakayosemwa kwenye bomba la maji. Maneno ya uchawi yamevunja nyumba nyingi, na mgonjwa anayeyaogopa atajifunua ili afanane na wengine, na ataungua. Sisi tunaojua sababu tuiseme wazi mbele ya jirani, mapema, bila kungoja uvumi.

Tatu, tusingoje kansa ikue. Kansa ya mrija wa chakula inawapata watu wengi katika Afrika ya mashariki na ya kusini. Mtu ambaye bugali inamkwama kooni kila siku, anayeshushia kila tonge kwa maji, anayekonda bila sababu, apelekwe hopitali akapimwe. Tusimtibu kwa dawa za minyoo mwezi baada ya mwezi.

Katika mkutano wa kikundi juma lijalo, kila mama aulize nyumbani: ni nani wa kwetu anayetibiwa kansa mahali popote, na anatibiwa kwa dawa gani? Mwenye jibu alilete liandikwe katika daftari la kikundi, kama mgonjwa mwenyewe amekubali.