Zawadi kwa Asiyechukua

Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya, ni nchi ya vitunguu. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anataka lumbesa, kile kichuguu kinachofungwa juu ya gunia, kwa bei ileile. Anayeweza kumkinga mkulima hapo ni mtumishi wa umma. Akifumba macho, hulipwa papo hapo. Akikataa hupata maadui, na faili lake halisemi lolote, kwani hongo iliyokataliwa haina stakabadhi.

Kila Mei Mosi tunawapa wafanyakazi hodari vyeti na bahasha. Ni vyema. Lakini wanachaguliwa makazini, na waliomwona mtu akikataa wako shambani.

Mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipokea maoni ya wananchi kuhusu kero ya rushwa. Basi tuwaulize wakulima swali la pili: nani hakuchukua? Nadhani watamtaja upesi, ingawa madalali watakuambia huyo ni mkorofi tu. Jina hilo lifike kwa mkurugenzi wa halmashauri kabla orodha ya Mei Mosi haijafungwa.