Ustawi wa jamii si huruma pekee

WENGI hudhani kuwa kazi ya ofisa ustawi wa jamii haihitaji kisomo, bali moyo wa huruma tu. Anayeingia darasani na fikra hiyo huiacha mapema.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Shahada yake huchukua miaka 3. Mbali na masomo ya darasani, kama vile sheria na saikolojia, mwanafunzi hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo.

Huko ndiko kwenye mtihani wenyewe. Tuseme wazazi wametengana, na kila mmoja anamtaka mtoto. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mahakama inaweza kumwagiza ofisa achunguze na kuwasilisha taarifa. Mwanafunzi anayeandamana naye hujifunza kumsikiliza bibi, mwalimu na mtoto mwenyewe kabla ya kuandika lolote. Mzazi anayelia sana mbele ya watu si lazima awe ndiye mlezi bora.

Taarifa ikikosewa, anayeumia ni mtoto. Ndiyo maana kazi hii husomewa.