Meli imejaa, nani aseme?

Kila meli inapozama kwetu, hata huku Louisville na Columbus tunapokutana misibani, utasikia kauli ileile: ajali haina kinga. Wasomi nao wana yao. Wanasema Mswahili anaamini mno kadari, ndiyo maana hajali usalama. Mie naona kadari inasingiziwa.

Tazameni orodha ya abiria tu. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameorodheshwa. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Yaani nauli yako ndiyo iliyoamua kama utahesabiwa. MV Spice Islander I, iliyozama njia ya Pemba Septemba 2011, ilikuwa na ruhusa ya abiria wasiofika 700. Tume ilikuja kusema walikuwamo 2,470! Idi ilikuwa imekwisha, watu wanarudi makwao. Wapo walioona ilivyoelemewa wakakataa kupanda, lakini mwenye watoto na magunia, nauli keshalipa, atalala wapi? Tena kumwambia nahodha "imejaa" ni kumwambia jirani yako ashuke. Nani kwetu ana uso huo?

MV Nyerere nayo, 20 Septemba 2018, ilikuwa siku ya gulio: kivuko cha watu 101, waliokufa peke yao walizidi 220.

Na ndugu zetu Wakongo walioko Buffalo wanaijua ya Ziwa Kivu. Boti ya MV Merdi ilitoka Minova, ikazama karibu kabisa na Goma tarehe 3 Oktoba 2024. Watu walijazana humo kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Hapo kadari inaingia wapi?

Wenyeji wetu hawa nao wana historia yao. Aprili 1865 meli ya Sultana, yenye ruhusa ya watu 376, ilipakia zaidi ya 2,000 katika mto Mississippi, wengi wao wanajeshi waliotoka kifungoni wakiwa na hamu ya kufika nyumbani. Serikali ilikuwa ikilipa kwa kichwa, basi vichwa vikaongezwa. Boila zikapasuka usiku. Na sheria ya ukaguzi wa meli ilikuwapo tangu 1852! Sasa hao nao walikuwa Waswahili?

Ingekuwa shauri langu, ningeanzia mlangoni: anayehesabu wanaopanda asiwe mwajiriwa wa mwenye meli, na watoto waliobebwa mgongoni nao wahesabiwe.