Ndege moja kwa bahari nzima: namna Aislandi inachunga samaki wake

Leo siandiki juu ya mihogo. Nataka tuongee swali ambalo sisi watu wa kilimo na uvuvi tunalikwepa mara mingi: Leta ikishaweka sheria juu ya samaki, nani anaona kama inafuatwa? Mfano wangu ni Aislandi, kile kisiwa cha kaskazini ya Ulaya ambacho kwa Kifaransa tunaita Islande.

Wakaaji wake hawafiki 400,000, Bukavu peke yake inawapita. Ardhi yao ni kama kilometa za mraba 103,000, lakini eneo la bahari ambamo wao peke yao wako na haki ya kuvua linafika karibu 758,000. Ni mara saba ya nchi yenyewe! Na hawako na jeshi. Kazi yote ya kule majini inafanywa na kikosi cha walinzi wa pwani kilichoanzishwa tarehe 1 Julai 1926: kuchunga uvuvi, kuokoa watu, kutafuta mafuta yaliyomwagika, hata kutegua mabomu ya zamani. Samaki mkubwa wa pale ni yule ambaye akitiwa chumvi na kukaushwa, sisi tunamuita makayabu. Kwa hiyo si habari ya mbali sana na sahani zetu.

Bahari ile hawakuipewa bure. Mwaka 1958 walisogeza mpaka wao wa uvuvi mpaka maili 12, mwaka 1972 maili 50, mwaka 1975 maili 200, na kila mara Uingereza ilikataa, juu meli zake zilikuwa zinavua pale tangu zamani. Manowari za Uingereza zilikuja kulinda wavuvi wao, na walinzi wa Aislandi walikuwa na meli chache tu. Silaha yao kubwa ilikuwa chombo cha chuma chenye meno ya kukata, ambacho meli ilikivuta nyuma yake kwa kamba. Inapita nyuma ya meli ya wavuvi, inanasa nyaya za wavu, inazikata, na wavu wote pamoja na samaki unashuka chini. Meli Ægir ilianza kukitumia Septemba 1972. Mvuvi bila wavu anarudi kwao, hakuna haja ya kumpiga risasi. Mwaka 1976 Uingereza ilikubali.

Watu wanapenda kuhadithia ile mikasi, lakini mimi naona ndege. Ili ukate wavu, sharti kwanza ujue meli iko wapi. Waislandi walikuwa wanatafuta wavuvi kwa ndege aina ya Fokker, na Waingereza nao walituma ndege za Nimrod ili kuambia wavuvi wao walinzi wako upande gani. Mwenye kuona kwanza njo alikuwa na nafasi.

Leo kazi ile inafanywa na ndege moja inayoitwa TF-SIF. Sif ni jina la mungu wa kike katika hadithi zao za kale. Ni Dash 8 Q300 iliyotengenezwa Kanada, iko na injini mbili za mapanga, ilifika mwaka 2009. Meli ya doria ikienda mwendo wa kawaida inafanya kilometa kama 30 kwa saa. Ndege hii inaweza kukaribia 500. Lakini mwendo si kitu cha maana zaidi.

Angalieni namna inavyofanya kazi. Meli kubwa zinalazimishwa kubeba chombo kinachotangaza kwa redio, kila mara: mimi ni fulani, niko hapa, naelekea kule. Ndani ya ndege, mtu anaona majina yale kwenye skrini. Rada nayo haisikilizi mtu, inaona tu chuma juu ya maji, mchana na usiku, hata kukiwa mawingu. Sasa weka picha mbili moja juu ya ingine. Kila nukta ya rada iliyo na jina, iache iende. Nukta isiyokuwa na jina njo ya kufuata. Ndege inashuka, kamera inasoma jina na namba ubavuni, picha inapigwa pamoja na saa na mahali, na ile inakuwa ushahidi. Ni sawa na agronomu anayelinganisha mavuno ambayo mkulima ametangaza na shamba lenyewe.

Rada inaona pia mafuta, na hapa fizikia ni nzuri. Upepo unafanya viwimbi vidogo juu ya maji, na viwimbi vile njo vinarudisha mawimbi ya rada. Mafuta yakitandika, viwimbi vinakufa, rada hairudishiwi kitu, na doa jeusi linatokea kwenye picha. Kamera ya joto nayo inatafuta mtu aliyeanguka majini usiku, kwa sababu mwili wake uko na moto kuliko bahari. Wakimpata, mlango unafunguliwa ndege ikiwa angani na boti ya kupuliziwa hewa inatupwa.

Kwetu Tanganyika huwezi kuchukua mfano huu mzima-mzima. Mtumbwi wa mbao wa mvuvi wa ndagala hautangazi jina kwa redio, na rada inauona kwa shida kuliko chuma. Kile kinachoweza kuvuka ni ile kazi ya kulinganisha: liste ya mitumbwi iliyoandikishwa upande huu, mitumbwi iliyoonekana majini upande ule.

Aprili 2010 volkano Eyjafjallajökull ililipuka chini ya barafu, na safari za ndege zikasimama karibu Ulaya yote. Mawingu na majivu yalifunika mlima, lakini rada ya TF-SIF ilipenya na kuonyesha mashimo yaliyofunguka ndani ya barafu. Watu wa Goma wanaelewa bila mimi kueleza thamani ya picha kama ile.

Tatizo ni makuta. Benki za Aislandi zilianguka Oktoba 2008, na ndege ilifika mwaka uliofuata. Ili kulipia gharama, ilianza kukodishwa kwa Frontex, shirika la mipaka la Ulaya, kufanya doria Mediterania. Februari 2023 waziri wa sheria, Jón Gunnarsson, alitangaza kwamba itauzwa ili kupunguza matumizi. Kuko wanaosema setilaiti zinatosha. Mimi sikubali: setilaiti haishuki kusoma namba ya meli, na haitupi boti kwa mtu anayezama. Wataalamu wa volkano, watu wa uokoaji na wabunge walipinga kwa nguvu, na mwezi uleule mpango ukaondolewa.

TF-SIF ikabaki, lakini ni ileile moja. Miezi inapokuwa Mediterania, maji yale yote ya kaskazini yanabaki kwa meli mbili, Þór na Freyja, na helikopta.