Perege wa Uani: Mintarafu ya Kudhibiti Idadi ya Samaki Kidimbwini

Mkaazi wa Mtongwe, huko Likoni, hahitaji kufunzwa samaki ni nini. Kilindini iko mbele yake, na majina ya tasi, changu na kolekole ameyajua tangu utotoni. Hata hivyo, elimu hiyo ya baharini haimfai sana pindi achimbapo kidimbwi uani pake. Mvuvi husumbuliwa na uhaba. Mfugaji aghalabu huponzwa na wingi. Makala haya yanaeleza chanzo cha wingi huo na namna ya kuudhibiti.

Samaki afugwaye zaidi ni perege. (Jina lenyewe linastahili uchunguzi wa wanaleksikografia: Kisumu huitwa ngege, Mwanza sato, na katika masoko mengi ya Kenya ni tilapia tu.) Pwani si mgeni: René Haller alipoanza kurejesha uhai katika machimbo ya saruji ya Bamburi mwaka 1971, ufugaji wa perege ulikuja kuwa sehemu ya kazi hiyo.

Perege jike wa jamii hii huatamia mayai kinywani, na makinda wakishaanguliwa hukimbilia mumo humo wanapotishwa. Kwa hiyo wengi huokoka. Aidha, huanza kuzaa angali mdogo, akiwa na miezi mitatu hivi, kisha hurudia kila baada ya majuma machache. Chakula na hewa ya kidimbwi, kwa upande wao, haviongezeki. Uzito ambao maji hayo yanaweza kuubeba ni karibu ule ule, ugawanywe kwa samaki 60 au 600. Ndiyo maana mfugaji aliyegharimika kwa pumba miezi minane huishia kuvua ndoo ya samaki wa ukubwa wa kidole, vichwa vikubwa, miili myembamba, wasiouzika wala kushibisha watoto.

Mpango wa serikali ya Kenya ulioanza mwaka 2009 ulitumia vifaranga 1,000 kwa bwawa la mita mraba 300. Kwa mizani hiyo, kidimbwi cha mita nne kwa tano kinatosha samaki 66 hivi. Wengi hupandikiza maradufu, kwa kuwa vifaranga huonekana wadogo mno!

Njia bora ni kufuga madume pekee, ambao pia hukua haraka kuliko majike. Baadhi ya vituo huwalisha vifaranga homoni kwa majuma matatu au manne ya mwanzo. Asiyepata hao huwatenga kwa macho wafikapo gramu 30 hivi: chini ya tumbo dume ana matundu mawili, jike matatu. Kazi hii yataka subira, kwani majike wachache tu waliosahaulika huharibu hesabu yote.

Njia nyingine ni kumtia kambare ale makinda. Sharti awe mdogo kuliko perege waliokusudiwa kukuzwa, ama sivyo atawala wao. Isitoshe, maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi huwa na munyu, na kambare hauvumilii kama perege.

Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, hewa imepungua. Wapunguzwe siku hiyo hiyo. Wakati wa mavuno, kidimbwi kikaushwe kabisa na matope yaachwe juani hadi yapasuke, maana vifaranga waliosalia katika kijishimo cha maji hutosha kuanzisha ukoo mpya.