Kuingia jeshini: swali la kwanza ni miaka

Kijana wa Kamatanda anayeshinda kwenye mashimo ya shaba, akisikia ku radio kama jeshi linaandikisha, anaona mlango umefunguka. Ilikuwa vile mwezi wa 11 mwaka 2022, wakati Rais Tshisekedi aliita vijana waingie FARDC juu ya vita ya M23. Kule Goma walikuja kwa wingi sana.

Lakini kujiandikisha si kupokewa. Katiba, kifungu cha 189, inataka afya ya mwili, masomo ya kutosha, tabia njema, na kila provinsi ipate nafasi yake. Mambo ya mwili, munganga anaamua.

Pahali pagumu ni miaka. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inakataza kuingiza mtoto wa chini ya miaka 18 jeshini, ku polisi ao ndani ya kikundi cha silaha. Mwenye kufanya vile anafungwa miaka 10 mpaka 20. Mtoto akisema "nilikuja mwenyewe", haibadilishe kitu.

Sasa miaka 18 inajulikana namna gani? Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, siku 90 za kuandikisha mtoto ku komini zilipita tu. Kadi ya mpiga kura inatumika kama kitambulisho, lakini wote tunajua kama kuna watoto waliipata kwa kudanganya. Ndiyo maana, kisha mpango ambao serikali na ONU walisaini tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka 2012, watu wa ulinzi wa watoto wanakaa na kijana mmoja mmoja. Ulianza masomo mwaka gani? Mkubwa wako ana miaka ngapi? Na anayekufuata? Majibu yakigongana, wanauliza tena. Uso hautoshi: kazi ya shimo inazeesha mtoto, na njaa inafanya mtu wa miaka 19 aonekane wa 15. Mashaka yakibaki, ahesabiwe mtoto, arudi nyumbani.

Kazi hiyo ilizaa kitu: mwaka 2017 ONU iliondoa FARDC kwenye orodha ya wanaoandikisha watoto. Vikundi vingi vya silaha vya mashariki vilibaki mule.

Baba, mama, kama mtoto wako hana cheti na siku 90 zilipita, tribinali inaweza kutoa hukumu inayosimama pahali pake. Uliza kwanza ku biro ya eta sivil ya komini yako.