Utangulizi: Utetezi wa Haki Chini ya Utawala wa Mabavu

Mgeni katika taaluma hii hudhani kwamba dola dhalimu huvunja sheria, naye mtetezi huja na sheria kuizuia. Kenya ya miaka ya 1980 inaonyesha jambo gumu zaidi. Watuhumiwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga Serikali, waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi. Wengi wao walifikishwa mahakamani jioni, bila wakili, wakakiri makosa, wakafungwa. Waliowekwa kizuizini bila kushtakiwa nao walizuiliwa kwa sheria iliyopitishwa bungeni. Ukisoma majalada tu, utaona utaratibu umefuatwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtetezi ni kutafuta ushahidi, na ushahidi ndio unaofichwa kuliko chochote. Anayeteswa hufungwa kitambaa machoni; jamaa zake hawaambiwi aliko. Mwaka 1987 wakili Gibson Kamau Kuria alipotoa notisi ya kuishtaki Serikali kwa niaba ya wateja walioteswa, alitiwa kizuizini yeye mwenyewe.

Mahakama zilipoziba masikio, ilibaki barabara. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na mwanaharakati Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru Park. Polisi walipowavamia kwa virungu na gesi ya machozi, baadhi yao walivua nguo, laana ambayo askari yeyote aliielewa bila kusomewa. Wakahamia kanisa la All Saints na kuendelea kudai wana wao, hadi wengi wa wafungwa hao walipoachiliwa. Vitabu vyetu vya sheria, kwa maoni yangu, vimewapunja akina mama hawa.

Haki ya mahakamani ilichelewa mno. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru Serikali iwalipe fidia baadhi ya walioteswa Nyayo House. Fidia ya namna hiyo hutoka hazina ya umma, si mfukoni mwa watesaji.

Je, ngazi ya bara? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, lakini raia huweza kuifikia moja kwa moja iwapo tu nchi yake imetoa tamko la kuruhusu hivyo. Rwanda iliondoa tamko lake mwaka 2016. Tanzania, mwenyeji wa mahakama, ilifuata mwaka 2019.

Karibu, basi. Soma hukumu kwanza, kisha watafute waliohukumiwa uwasikilize, na usimwamini mtetezi yeyote kabla ya kuupima ushahidi wake.